Mkalimani wa Kila Mtu

Mtaani kule, kila nyumba yenye kiziwi ilikuwa na namba ya simu ya mwanamke mmoja, imeandikwa ukutani kwa chaki au nyuma ya mlango kwa kalamu ya wino mzito, kama watu wanavyoandika namba ya zimamoto. Alikuwa mkalimani wa lugha ya ishara. Siku tatu za juma alikuwa mwajiriwa wa zahanati, siku mbili wa mahakama, na saa zote zilizobaki alikuwa wa kila mtu. Mwenye nyumba akigombana na mpangaji kiziwi, anaitwa yeye. Mwalimu akitaka kuonana na mzazi, yeye. Hata ugomvi wa mke na mume aliwahi kuufasiri, amesimama kati ya kitanda na kabati, akitukana kwa niaba ya pande zote mbili.

Hakujua kukataa. Alizaliwa nyuma ya kaka kiziwi, na kabla hajaota meno ya pili alikuwa tayari mdomo wa kaka yake dukani, shuleni na kwa majirani. Neno "sawa" lilikuwa likimtoka kabla hajasikia vizuri anaombwa nini.

Jumatatu moja alianza siku saa moja asubuhi kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, akimsaidia wifi yake kufuata cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Saa mbili alikuwa shule ya msingi kwa ajili ya mama mmoja ambaye mwanawe alimpiga mwenzake rula. Saa nne akaingia zahanati akihema, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, simu ikitetemeka mfukoni kama mdudu aliyenaswa kwenye kopo.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mzee fundi viatu, kiziwi tangu utotoni, ambaye kibanda chake kilikuwa mkabala na lango la zahanati. Presha yake ilikuwa imepanda. Tabibu akaandika dawa, akasema bila kuinua kichwa, "Nusu kidonge, mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni."

Simu ikatetemeka tena. Mkalimani akakumbuka kwamba hajamjibu kaka yake tangu jana. Mikono yake ikasema: asubuhi, mbili, jioni, mbili. Mzee akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa, akaweka ngumi kifuani kushukuru, akaenda zake.

Alhamisi yake mzee alianguka kibandani, kiatu cha mteja mkononi. Wapita njia walimbeba hadi zahanati, wakamlaza, wakamtundikia dripu. Ahueni ilipokuja, muuguzi mkuu, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole na macho yasiyopitwa na kitu, akamwita mkalimani kitandani kwa mzee.

"Muulize alikunywaje dawa."

Akauliza. Mzee akajibu kwa mikono: viwili asubuhi, viwili jioni.

Muuguzi akaitazama kadi. "Hapa pameandikwa nusu. Muulize nani alimwambia viwili."

Mkalimani alivikumbuka vidole vyake viwili juu hewani. Ishara ya nusu alijitahidi kuikumbuka, hakuiona popote. Akafasiri swali, kila ishara nzito kama tofali.

Mzee hakusita. Akagusa jicho lake, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Kisha akaanza kueleza, na mkalimani akawa anatamka maneno yake papo kwa papo, kwa nafsi ya kwanza, kama kazi hiyo inavyotaka.

"Ni macho yangu," alisema mkalimani. "Siku hizi hayaoni sawasawa. Binti huyu alinieleza vizuri. Nilikosea mimi."

Kila mtu pale chumbani aliyasikia kuwa ni maneno ya mzee. Muuguzi akaandika kwenye faili. Mkalimani alikuwa na nafasi ya kusema ukweli, tena nafasi nzuri, mdomo ukiwa bado wazi. Lakini sekunde ikapita, ikaja nyingine, faili likafungwa. Mzee akamshika kiganja akakibana kidogo, akimwomba radhi kwa usumbufu.

Alasiri ile muuguzi mkuu alimwita ofisini, akafunga mlango.

"Kaa. Simu yako imelia mara ngapi leo?"

"Sijahesabu, sista."

"Mimi nimehesabu. Kumi na tisa, na hiyo ni ukiwa karibu yangu." Akamsukumia karatasi. "Niandikie watu wote uliowahudumia tangu Ijumaa iliyopita. Wa hapa na wa kwingine kote."

Akaandika. Karatasi ikajaa, akageuza upande wa pili. Walifika ishirini na wanane.

"Kati ya hao, wangapi wangeumia au wangefungwa kama ungekosea neno moja?"

Mkalimani akahesabu kwa kidole. "Saba."

"Basi hao saba ndio wanaopaswa kukupata ukiwa mzima. Sasa hivi mwenye barua ya shule anapata chakula, mwenye presha anapata makombo." Muuguzi akamtazama kwa muda. "Sikuulizi zaidi ya hapo. Nenda kajipange."

Maneno ya makombo yalimganda. Alitembea nayo hadi nyumbani, akapika nayo, akala nayo. Jumapili akaketi mezani akatunga ujumbe wa kuwatumia watu wote. Zahanati na mahakama ndizo za kwanza. Mambo mengine yote ni Jumatano, saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili, kibarazani kwake, kwa foleni. Mwenye mgonjwa wa ghafla apige zahanati, watamtafuta. Baada ya saa kumi na mbili jioni simu inazimwa. Jumamosi hapatikani.

Akausoma mara kumi na moja. Binti yake, wa miaka kumi na mmoja, akachungulia begani mwake.

"Mama, samahani zimekuwa nyingi kuliko ujumbe wenyewe."

Zilikuwa tano. Akaziondoa nne, akatuma, kisha akaitazama simu kama mtu aliyerusha jiwe na kusubiri kusikia kioo kikivunjika.

Hakikukawia. "Hongera kwa kupanda cheo," aliandika mmoja. Mwingine akaweka alama ya kucheka bila neno. Mama wa yule mtoto wa rula akaandika, "Kwa hiyo sisi tuwe viziwi Jumatano tu?" Huo ulimchoma mpaka mfupani. Aliandika jibu refu la kujieleza, akalifuta. Akaandika fupi, akalifuta nalo. Usiku hakulala vizuri, asubuhi akaamka na jambo hilohilo kifuani.

Lakini wiki ya kwanza ikapita, na kazini alianza kugundua vitu ambavyo alikuwa amevisahau. Kwa mfano, kwamba wagonjwa wengi hutikisa kichwa kukubali hata wasipoelewa. Alikuwa akiwaona siku zote na hakuwahi kuwa na muda wa kuwauliza tena. Badala ya kumfurahisha, jambo hilo lilimtia hofu. Alijiuliza ni wangapi kabla ya fundi viatu walitoka mle na kichwa kinachokubali. Na kila alipopita lango, mzee alimpungia mkono kutoka kibandani, naye alipunga haraka na kupita kama anayekwepa mvua.

Jumatano ya pili, foleni ya kibarazani ilipoisha, alibaki kaka yake. Alikuwa seremala, mtu wa mabega mapana na ishara kubwakubwa, ambaye akisimulia jambo watu walihama kumpisha nafasi.

"Mdogo wangu, mambo yamejipa," alisema kwa mikono. "Ile karakana kubwa ya samani wananihitaji. Mwenyewe anataka kuniona Jumamosi saa nne. Tutoke hapa saa tatu."

Jumamosi ile mkalimani alikuwa amemwahidi binti yake kwamba watapaka rangi chumba chake. Kopo la rangi lilikuwa nyuma ya mlango mwezi wa nne sasa. Mara tatu walipanga, na mara tatu mtu akapiga simu. Siku hizi binti hakuuliza tena. Alikuwa amelitandikia kopo kitambaa na kuweka juu yake vitabu vya shule, kana kwamba ni meza.

"Jumamosi siwezi, kaka. Mwombe akuone Ijumaa alasiri, nitoke mahakamani moja kwa moja."

"Ijumaa hayupo. Kuna mgonjwa?"

Angeweza kusema yupo. Uongo ulikuwa pale pale, umeiva. "Hakuna mgonjwa. Nina kazi na mtoto. Tunapaka rangi chumba."

Kaka yake alimtazama akitafuta mahali pa kucheka. Alipopakosa, mikono yake ikashuka. "Rangi," alisema kwa ishara ndogo isiyo ya kawaida yake. Halafu, "Sawa." Akaondoka, na ile sawa ikabaki pale kibarazani kama kiti kilichoachwa njiani.

Jumamosi walisukuma kitanda katikati, wakatandaza magazeti, wakafungua kopo. Rangi ilikuwa ya njano changa. Saa tatu ikapita. Mkalimani alikuwa anapaka ukuta huku anamwona kaka yake yuko njiani, shati limepigwa pasi, daftari mfukoni. Ilipofika saa nne kasoro akawa amepaka rangi juu ya swichi ya taa bila kuiona.

"Mama," binti alisema. "Swichi."

"Nimeona."

"Hukuona."

Akafuta kwa kitambaa. Akaendelea kidogo, akasimama. Kutoka pale hadi karakana ni mwendo wa dakika arobaini. Angechelewa, lakini angefika. Akajikuta anafungua kamba za aproni. Binti akamwona, akashusha brashi yake polepole kwenye ukingo wa kopo.

"Nenda tu, Mama. Mimi nimeshazoea."

Hakuyasema kwa hasira. Angekasirika ingekuwa nafuu. Aliyasema kama mtu mzima anayemrahisishia mwenzake, na tayari alikuwa anatafuta kifuniko cha kopo.

Mkalimani akafunga tena kamba za aproni. "Siendi popote. Nipe hiyo brashi kubwa."

Alibaki, lakini hakubaki kwa furaha, na hilo nalo lilimsuta: hata saa alizompa mtoto alimpa zikiwa zimeoza nusu. Walipaka hadi mchana. Binti alipiga porojo za shule, za mwalimu wa hesabu anayepiga chafya kabla ya kila mtihani, na mama alicheka palipohitaji kucheka. Mara moja tu, binti alipojipaka njano puani na kujiangalia kwenye kioo akashtuka, alicheka kweli, na akasahau kaka yake kwa muda wa pumzi tatu hivi.

Kaka alikuja kesho yake mchana. Hakupiga hodi kwa kuwasha na kuzima taa ya kibarazani kama alivyozoea. Aliingia moja kwa moja jikoni na kuweka daftari mezani.

"Soma."

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mwandiko wa mwenye karakana: Una uzoefu wa miaka mingapi? Chini yake kaka alikuwa ameandika: Mimi miaka kumi na nane kazi mbao kabati mlango kitanda yote mimi najua. Ishara zina mpangilio wake, na alikuwa ameziandika kama zilivyo. Kurasa zilizofuata majibu ya mwenye karakana yalizidi kuwa mafupi. Ukurasa wa mwisho ulisema: Tutakupigia simu.

"Kumpigia simu kiziwi," kaka alisema. "Alicheka na msimamizi wake wakati ninaandika. Alidhani kwa kuwa sisikii basi na macho sina. Kazi nimekosa."

Mkalimani akaanza kuomba msamaha, mikono ikigongana. Alisema alitaka kuja, alifungua hata kamba za aproni, alikosea, haitatokea tena, Jumamosi atakuwa...

Kaka akamshika vifundo vya mikono akavishusha mezani. Ni jambo ambalo viziwi hawafanyiani hivihivi. Ni sawa na kumziba mtu mdomo. Alipomwachia, akasema:

"Ngoja. Nina hasira na yule mtu. Nina hasira na wewe pia, sikufichi. Lakini kuna jambo lingine. Nimekaa pale na kalamu, nikaona sijui kuandika barua. Mtu mzima, na watoto wawili. Barua zangu zote tangu ujana umeandika wewe. Maswali yangu umejibu wewe, wakati mwingine kabla hujanifasiria. Unafikiri sioni? Mtu anauliza, mdomo wako unatembea, mikono yako imelala."

"Nilikuwa naokoa muda."

"Muda wa nani?"

Maisha yake yote mkalimani alikuwa amejihesabu mwenye hatia ya kutofanya vya kutosha, na sasa alikuwa anaambiwa kuhusu hatia nyingine, ya kufanya kupita kiasi, na zote mbili zilikuwa za kweli.

"Jumatano nitakaa kwenye foleni kama wengine," kaka alisema. "Utanifundisha kuandika. Usiniandikie. Nifundishe." Alisimama, akachungulia chumba cha binti, akatazama ukuta kwa jicho la fundi. "Kona ya juu mmeiruka," alisema, akaenda zake.

Labda ni kwa sababu ya macho makavu ya kaka yake alipokuwa anasema ukweli usoni pake. Jumatatu asubuhi, mkalimani hakupita lango haraka. Alivuka barabara hadi kibanda cha fundi viatu, akasimama mbele yake mpaka mzee akainua kichwa.

"Mzee wangu, siku ile ya dawa wewe hukukosea. Daktari alisema nusu kidonge. Mimi nilikuonyesha viwili. Nilikuwa na haraka, akili haikuwa pale. Halafu nikakuacha uombe radhi, nikanyamaza."

Mzee akaweka nyundo chini. Kisha akasema polepole, "Kwa hiyo macho yangu ni mazima?"

Mkalimani hakuelewa mara moja. Mzee akamwonyesha kwa kidole rafu ya nyuma. Sindano zake nyembamba zilikuwa zimefungwa kwa uzi na kuwekwa kando. Tangu alipoanguka alikuwa ameacha kushona viatu vya kike na vya watoto, vyenye mshono mdogo. Alikuwa anavirudisha, anawaambia wateja wampelekee fundi mwingine. Kama macho yaliweza kumdanganya kwenye dawa ya kuua au kuponya, alisema, angeyaamini vipi kwenye mshono? Mwanawe alikuwa amekwisha kumshauri afunge kibanda.

"Siku kumi na nane," alisema mzee. "Nimezihesabu. Siku kumi na nane unapita pale na kunipungia mkono."

Mkalimani akaanza kusema nisamehe. Mzee akafumba macho. Hakugeuka wala kuinuka. Aliyafumba tu na kuyaacha yamefumbwa, na mikono ya mkalimani ikabaki hewani ikisema maneno ambayo hayakuwa na pa kwenda. Alisimama pale mpaka akaona aibu ya kusimama. Akavuka barabara, akaenda moja kwa moja kwa muuguzi mkuu, akaomba lile faili.

Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho. Akaandika upya, akamwambia atie sahihi, na barua ya onyo ikafuata siku ya tatu. Aliipokea karibu kwa shukrani. Kuanzia hapo, kwa pendekezo lake mwenyewe, hakuna kiziwi aliyetoka zahanati bila kurudia maelezo yote ya dawa kwa mikono yake mwenyewe, tena na mchoro wa kidonge kwenye pakiti: kizima, nusu, robo. Foleni ilirefuka, tabibu akanung'unika, akazoea.

Mzee alirudi mwezi uliofuata kuchukua dawa. Alimsalimia kwa adabu. Alimfanya arudie mara tatu, akimkazia macho vidole, kisha akaomba kuona kadi. Kibandani sindano nyembamba zilikuwa zimerudi kazini. Lakini mkono hakumpungia tena.

Kaka naye alihudhuria Jumatano zote. Alikuwa mwanafunzi mbishi. Kila kanuni ya sentensi aliihoji kama ubao uliopinda. Mwezi wa pili aliandika barua nzima peke yake. Mkalimani akaona makosa matatu, kalamu ikamwasha mkononi, akairudisha mezani. Barua ikaenda na makosa yake kwenye karakana ya majeneza, na jibu likarudi kwa maandishi: afike Jumamosi kwa majaribio ya siku moja.

"Nitapaweza," kaka alisema kwa ishara zake kubwa. "Wateja wao nao hawasikii. Na wewe usije. Nimesema usije."

Hakwenda. Siku nzima alikuwa kama mtu aliyeacha jiko linawaka. Jumatatu akamweleza muuguzi mkuu, wakiwa wanapanga kadi za wagonjwa: kaka amepata kazi, mtoto anacheka zaidi, usingizi umerudi, lakini bado kila akikataa jambo anajiona kama mwizi.

"Nilidhani hali hii itapita, sista."

"Mimi nilikwambia utafanya kazi vizuri," alisema muuguzi, akilamba kidole na kufunua kadi. "Kujisikia vizuri sikukuahidi."

Saa kumi alifunga mkoba. Kwenye korido mwanamke mmoja aliyembeba mtoto akamkimbilia, barua mkononi, akisema kwa kidole na macho kwamba ni kitu kidogo tu, cha dakika mbili. Mkalimani aliitazama bahasha: muhuri wa shule. Haikuwa ya hospitali wala ya mahakama.

"Jumatano, mama," alisema kwa mikono. "Saa tisa. Nitakusubiri."

Uso wa mwanamke ulishuka. Mkalimani akauona vizuri, hakujifanya hajauona. Akamgusa mtoto shavuni, akatoka nje.